Gia ya tano kwenye pikapu ya gia nne: hesabu zangu zote, na makosa yangu

Leo sizungumzii kupiga picha za bidhaa wala kupandisha status. Leo nazungumzia kitu ambacho wengi wetu tunaouza mtandaoni tunakisahau: chombo kinachopeleka mzigo kwa mteja. Mteja anaona tangazo lako kwenye simu, lakini mchele haupiti kwenye simu. Unapita barabarani.

Mimi nina duka hapa Galula, mkoa wa Songwe. Nimeishia kidato cha nne, biashara nimejifunzia humu humu. Nauza mchele, ufuta na samaki wakavu wa Ziwa Rukwa. Oda napokea WhatsApp, na mara mbili kwa wiki napeleka mzigo Mlowo, Vwawa na Tunduma. Wateja wangu wa Tunduma wengine wanavusha kwenda Nakonde, kwa hiyo wanataka mzigo asubuhi. Ukifika saa saba mchana, wameshanunua kwa mwingine.

Gari langu ni Land Cruiser pikapu ya 1982, ile HJ47, injini ya 2H ya dizeli, silinda sita, lita 4 kasoro kidogo. Ni mzee kuliko mimi. Injini bado ngumu, ila giaboksi ilikuwa H42 ya gia nne. Kwenye lami unaingiza nne halafu basi, umefika mwisho. Injini inalia kama inaomba gia nyingine na wewe huna ya kumpa. Fuso zinakupita, unafika Tunduma masikio yanavuma.

Halafu gia ya pili ikaanza kuruka. Unapanda na mzigo, paap, leva inarudi nyutro. Hapo ndipo uamuzi ulipoanza.

GIA YA TANO INAFANYA NINI HASA?

Wengi wanadhani gia ya tano inaongeza nguvu ya injini. Hapana. Nguvu ya injini ni ile ile.

Iko hivi. Kwenye gia ya nne ya giaboksi hizi, injini ikizunguka mara moja, shafti inayotoka nayo inazunguka mara moja. Sawa kwa sawa. Giaboksi ya H55F, ambayo Toyota waliweka kwenye Land Cruiser nyingi za miaka ya 80 na 90 (HJ60, HJ75, HZJ75), gia yake ya tano ina uwiano wa kama 0.845. Maana yake injini ikizunguka mara 100, shafti inazunguka kama mara 118. Gari linakwenda mwendo ule ule huku injini ikizunguka pungufu kwa karibu asilimia 15.

Kwa tairi zangu za 7.50-16 na difu ya 4.11, nikiwa 80 kwa saa kwenye gia ya nne injini inazunguka kama mara 2,200 kwa dakika. Kwenye gia ya tano inashuka mpaka kama 1,850. Kelele inapungua, joto linapungua, dizeli inapungua.

Upande wa pili ambao wengi hawautaji ni gia ya kwanza. Kwenye H42 gia ya kwanza ni kama 3.55. Kwenye H55F ni kama 4.84. Kwa hiyo namba moja inakuwa nzito na taratibu zaidi, inang'oa mzigo bila kuunguza klachi. Kwa sisi tunaotoka huku bondeni masika, tope la udongo mweusi, hiyo namba moja ina faida kama ile ya tano.

Sasa usidanganyike. Gia ya tano ni ya lami na tambarare. Mlima wa Senjele na mzigo huupandi na namba tano, na ukijaribu utaichosha injini. Kushuka ndiyo kabisa: usishuke Senjele na gia ya tano, ingiza ya tatu injini ikusaidie kushika gari, breki zipumzike. Na huku kwetu kwenye vumbi, gia ya tano siigusi kabisa.

KOSA LA KWANZA: NILITUMA ADVANSI KWA PICHA MOJA

Nikaingia mtandaoni kutafuta. Muuzaji mmoja akaweka picha moja, giaboksi imelala kwenye karatasi, maneno yake: "Ya Land Cruiser, ipo poa, wahi." Nikamwomba picha ya namba, akatuma picha yenye ukungu. Nikamwomba video, akasema yuko bize, kuna mtu anakuja kuichukua, nitume laki mbili aishikilie.

Nikatuma.

Siku mbili baadaye fundi wangu akaiona ile picha kwenye simu yangu. Akacheka kwanza, halafu akanyamaza. "Kijana, hii siyo H. Hii ni ya Prado. Haikai kwenye 2H bila kuchonga dunia nzima." Kumpigia muuzaji, anasema advansi hairudi. Laki mbili imekwenda, na ile pesa ilikuwa ya mkopo wa kikoba. Mama yangu ndiye aliyenidhamini. Ile wiki niliogopa hata kumwangalia.

Sikuandika haya ili mnionee huruma. Nimeandika kwa sababu sisi wenyewe ni wauzaji. Jiulize: mteja wako akikuomba picha ya pili, unamjibuje?

MUUZAJI WA PILI: HUYU NDIYE WA KUIGA

Muuzaji wa pili alikuwa Dar. Nilimwandikia usiku, asubuhi nikakuta video ya dakika tatu. Sikumwomba. Ndani ya video alifanya mambo matano:

1. Alionesha giaboksi ikiwa pamoja na transfa yake, imefungwa, pande zote nne.

2. Alionesha kibao cha gari ilikotoka, sehemu iliyoandikwa TRANS/AXLE, inasomeka H55F. Kibao hicho ukikiona, ubishi umeisha.

3. Alichora alama ya chaki kwenye shafti ya mbele na ya nyuma, transfa ikiwa kwenye hai. Akaingiza namba nne, akazungusha mbele mara kumi, nyuma ikazunguka mara kumi. Akaingiza namba tano, akazungusha mbele mara kumi, nyuma ikazunguka karibu mara kumi na mbili. Hapo ndipo nilipoelewa gia ya tano kwa macho, siyo kwa maneno.

4. Alifungua nati ya chini akamwaga oili kwenye sahani nyeupe. Nyeusi, ndiyo, lakini haina vipande vya chuma vinavyong'aa.

5. Mwisho akasema: "Ndugu yangu, ina tatizo. Bushi ya leva imelika, leva inacheza. Na sili ya katikati ya giaboksi na transfa ibadilishe kabla ya kufunga. Nimeshapunguza bei kwa ajili hiyo."

Hilo la tano ndilo lililonifanya nilipe. Mtu anayekwambia kasoro kabla hujaiona, unamwamini kwenye mengine yote. Tangu siku hiyo, mchele wangu wenye chenga naandika kabisa "una chenga" na bei yake. Siamini kama nimepoteza mteja kwa hilo. Waliopotea ni wale waliokuwa wanarudisha mzigo.

Akaniandikia risiti pia. Risiti ya kifaa kikubwa kama hiki itunze. Spea za wizi zipo, na siku ukiulizwa, maneno matupu hayatakusaidia.

KAZI YENYEWE GEREJI

Fundi alisema siku tatu. Zikawa kumi na moja. Haya ndiyo yaliyokula siku, ili wewe ujipange:

Klachi. Kabla ya kununua klachi pleti, hesabu meno ya shafti ya giaboksi mpya na upime unene wake. Usinunue kwa kuambiwa "ni ya 2H." Pleti inaweza kukaa vizuri kwenye flaiwili halafu ikagoma kwenye shafti. Sisi tulirudisha ya kwanza dukani. Na ukishashusha giaboksi, badilisha presha na rilizi hapo hapo, maana kuishusha tena kwa ajili ya rilizi ni ujira wa fundi mara mbili.

Propela. H55F ni ndefu kuliko H42, kwa hiyo transfa inasogea nyuma. Propela ya nyuma inakatwa kidogo, ya mbele inarefushwa. Usikate kwa vipimo vya mtu mwingine. Funga kwanza giaboksi, gari likae chini kwa magurudumu yake, ndipo upime. Kazi hii mpe mtu wa kukereza vyuma mwenye mashine, siyo mchomeleaji wa mageti. Propela iliyopinda kidogo tu inatetemesha gari zima na kula beringi za giaboksi uliyoinunua kwa jasho.

Sakafu na kiegemeo. Leva inatokea mahali tofauti kidogo, kwa hiyo tundu la sakafu linapanuliwa. Kiegemeo cha chini nacho kinasogezwa. Kazi ndogo, lakini ikifanywa ovyo vumbi lote la barabara ya Mkwajuni linaingia ndani.

Oili. Giaboksi hizi zina ugonjwa unaojulikana: sili ya katikati ikichoka, oili ya giaboksi inahamia kwenye transfa taratibu. Chini huoni tone lolote, lakini giaboksi inakauka huku transfa imejaa kupita kiasi. Gia ya tano ndiyo inayoumia mapema. Kwa hiyo usipime giaboksi peke yake. Fungua nati zote mbili, giaboksi na transfa. Ukikuta transfa inamwaga na giaboksi imepungua, jua sili imekwisha.

Spidi. Spidomita inaendeshwa kutoka kwenye transfa. Ukibadilisha transfa inaweza kuanza kudanganya. Washa GPS ya simu, linganisha. Yangu ilikuwa inasoma pungufu. Kwenye makazi mwisho ni 50, na trafiki haangalii spidomita yako, anaangalia mashine yake.

KOSA LA PILI: HANDIBREKI

Hili ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo.

Pikapu hizi za zamani, handibreki haiko kwenye magurudumu. Ni ngoma imefungwa nyuma ya transfa, inashika propela. Transfa niliyonunua ilitoka kwenye gari la baadaye, ikaja bila ile ngoma. Fundi akafunga hivyo hivyo. Nilipouliza akasema, "Utaweka jiwe, wote wanaweka jiwe." Nilikuwa nimechoka, wateja wanapiga simu, nikakubali.

Safari ya kwanza, Mlowo. Nimesimama kwenye mteremko mdogo, mifuko 20 ya kilo 50 nyuma, tani nzima. Nimeweka gia, nimeshuka kutafuta jiwe. Sikuingiza vizuri, leva ilikuwa bado inacheza. Gari likaanza kurudi nyuma lenyewe, taratibu kwanza. Nyuma yake kulikuwa na mama anauza nyanya, na mtoto wake amekaa chini pembeni ya ndoo.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Yule mama akamnyakua mtoto. Gari likagonga tuta la udongo likasimama. Nyanya zote zikasagika, mtu hakuguswa. Nikalipa nyanya, nikakaa chini, miguu haikunibeba kwa muda.

Siku iliyofuata tulitoa ile sehemu ya nyuma ya transfa ya zamani pamoja na ngoma yake, tukaihamishia kwenye mpya. Ilikaa, kwa kuwa transfa yangu ya zamani nayo ilikuwa ya aina ile ya baadaye. Ilichukua nusu siku. Nusu siku tu, ambayo niliogopa kuipoteza.

Kwa hiyo ukibadilisha, mwambie fundi tangu mwanzo: gari haitoki gereji bila handibreki. Na transfa yako ya zamani usiiuze mpaka kazi iishe.

HESABU: HAPA NDIPO PENYE SOMO

Gharama zangu zote:

Giaboksi na transfa: 2,200,000
Usafiri Dar mpaka Mbalizi: 120,000
Klachi pleti, presha, rilizi: 280,000
Propela mbili: 180,000
Sakafu na kiegemeo: 60,000
Oili, sili, bolti: 140,000
Fundi: 300,000
Jumla: 3,280,000

Sasa dizeli. Nimepima kwa kujaza tangi pomoni Mbalizi, kwenda Tunduma na kurudi, kisha kujaza tena pampu ile ile. Nimefanya hivyo mara nne kabla na mara nne baada, mzigo unaofanana. Kabla ilikuwa wastani wa lita 31. Baada ya kubadilisha, lita 28. Naokoa lita 3 kwa safari.

Chukua dizeli 3,000 kwa lita ili hesabu iwe rahisi (wewe weka bei kikomo ya EWURA ya mwezi husika). Ni 9,000 kwa safari, 18,000 kwa wiki.

Ukigawa 3,280,000 kwa 18,000 unapata wiki 182. Miaka mitatu na nusu! Mtu akiona hapo anasema kijana huyu kachoma pesa. Na kama giaboksi yangu ya zamani ingekuwa nzima, angekuwa sahihi kabisa. Usitoe giaboksi nzima kwa ajili ya lita tatu.

Lakini yangu ilikuwa inakufa. Kuitengeneza tu, gia ya pili, beringi na ufundi, niliambiwa 1,700,000. Hiyo pesa ningeitoa kwa vyovyote. Kwa hiyo swali la kweli halikuwa "nitoe 3,280,000 au nisitoe?" Swali lilikuwa "nikiongeza 1,580,000 juu ya ile ambayo lazima itoke, napata nini?"

Giaboksi ya zamani nimemuuzia fundi mwingine kama spea, 450,000. Inabaki 1,130,000.

Sasa ongeza makosa yangu, nisijifiche. Advansi iliyoliwa, 200,000. Gari lilipokuwa gereji nilikodi Canter safari tatu, 180,000 kila moja. Kutengeneza ya zamani nako kungenigharimu safari moja, kwa hiyo zilizozidi ni mbili: 360,000. Jumla inakuwa 1,690,000. Gawa kwa 18,000: wiki 94, karibu mwaka mmoja na miezi kumi.

Hiyo ni dizeli peke yake. Sijahesabu kwamba sasa naingia Tunduma mapema, na wateja wawili waliokuwa wameniacha wamerudi. Sijaiweka kwenye hesabu kwa sababu sina namna ya kuipima kwa uaminifu. Hesabu ambayo huwezi kuipima usiitumie kujipa moyo wa kukopa.

Ningekuwa sikufanya yale makosa mawili, advansi na kutopanga siku za gereji, ningerudisha pesa kwa wiki 63. Haraka yangu imenila zaidi ya nusu mwaka wa dizeli.

YA KUCHUKUA NYUMBANI

Moja. Kifaa kikifa, usilinganishe bei ya kipya na sifuri. Linganisha na bei ya kutengeneza cha zamani. Hii ni kwa giaboksi, friji ya samaki, cherehani, hata simu yako.

Mbili. Kabla ya kuingiza chombo chako gereji, kwanza panga nani atabeba mzigo wako, na ongeza siku mara tatu ya zile alizosema fundi. Waambie wateja mapema. Mimi niliwaambia siku ya tano, wakati wameshakasirika.

Tatu. Ukinunua mtandaoni, advansi inafuata uthibitisho, haitangulii. Namba inayosomeka, video, risiti.

Nne. Ukiuza mtandaoni, taja kasoro wewe kwanza.

Tano. Kitu cha usalama hakina "tutarekebisha baadaye." Jiwe siyo handibreki.

Mkopo wa kikoba nimebakiza marejesho mawili. Mama juzi alipanda pikapu, tukaenda naye Vwawa. Tulipofika tambarare nikaingiza namba tano, injini ikatulia. Akanitazama: "Mbona gari limezimika?" Nikamwambia halijazimika mama, limepumzika. Akasema, "Haya, na wewe sasa ulipe deni upumzike."

Mwenye swali la Land Cruiser za zamani aulize hapa chini, nitajibu ninachokijua. Na kama una chombo kinachokusumbua, kabla ya kukopa, kaa na kalamu kwanza. Kazi njema.